Mshubiri wa Bi Salome

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi kule Mjambere, nikiwa mke kijana na mama wa mtoto mmoja, nilipopita mbele ya nyumba ya Bi Salome nikainamisha uso ili asinione. Aliniona. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu, lakini lile lililobaki lilifanya kazi ya mawili. Akaniita, "Mama Kadzo, kulikoni leo hata salamu zimekuwa ghali?" Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, nami nikaongeza mwendo. Mwanangu, laiti ningesimama. Lakini laiti haijapata kumrudisha mtu nyuma, kwa hiyo vuta kiti ukae. Huenda nawe una neno gumu la kumwambia mtu wako na unazungukazunguka tu, na hadithi yangu ni ya mtu aliyezunguka.

Mbele ya mlango wa Bi Salome palikuwa na rundo la mawe ya matumbawe, mabaki ya ukuta ulioanguka zamani, na juu ya mawe hayo uliota mshubiri. Si hii mnayoikata siku hizi mkapaka nywele. Huu ulitoka Sukutra, kisiwa cha huko kaskazini ambacho marehemu mumewe, aliyekuwa baharia wa meli za moshi, alikuwa akisema hakina ila mawe, mbuzi na upepo, na mvua yake ni ya kusimuliwa. Aliuleta umefungwa kwenye kipande cha gunia, mizizi imekauka kama kamba ya kitanda. Bi Salome alidhani umekufa, akautupa juu ya yale mawe, na hapo ndipo ulipoanza kuishi.

Watu waliuonea huruma. Kila aliyepita na ndoo akitoka kisimani alitaka kuutilia maji, na Bi Salome alitoka mbio kumkemea. "Uwateni! Kiu yake umekuja nayo kutoka kwao. Mkiuonea huruma mtauua!" Nao ulichagua kuchanua wakati kila kitu kingine kimekata tamaa. Nyasi zimekuwa kahawia, mihogo imepukutika, mshubiri ndio unatoa bua lake refu lenye vijiua vyekundu vilivyoinama, na ndege wadogo waitwao chozi hawatoki hapo kutwa nzima wakifyonza.

Wanawake wa Mjambere, Warabai, Wagiriama, Wataita, wote tulimjua Bi Salome kwa kazi moja. Mtoto alipofika wakati wa kuachishwa ziwa, mama alikwenda kwake kuomba shubiri. Unajua wahenga walisema titi la mama litamu, hata likiwa la mbwa. Basi mtoto haliachi kwa kubembelezwa. Ziwa hupakwa shubiri, mtoto akaonja, akakunja uso, na baada ya siku chache akaona kumbe uji nao si haba. Lakini Bi Salome hakumpa mtu jani akaondoka nalo. Alikuja nyumbani kwako na jani lake, akapaka kwa mkono wake, kisha akaketi. Aliketi kutwa. Sisi vijana tulimteta kwamba bibi huyu anafuata chai ya bure, na kweli chai alikunywa, tena ya sukari nyingi, wakati ule wa vita ambapo sukari yenyewe ilipatikana kwa shida.

Sasa utaniuliza, kama mshubiri ulikuwa karibu hivyo, kwa nini nilimpita mwenyewe kwa kujificha? Kwa sababu nilikuwa na mimba.

Kadzo wangu alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta. Na kwetu pwani, mama anayenyonyesha akishika mimba mapema, watu husema mtoto wa ziwani amebemendwa, yaani wazazi hawakuweza kujizuia wakamharibia mtoto afya. Mtoto akikohoa, wanakutazama. Akichelewa kutembea, wanakutazama. Baba yake hatazamwi, yeye yuko kazini. Mume wangu Yohana alikuwa mpakuzi wa shehena bandarini Kilindini, na meli za vita zilikuwa nyingi, hata nyumbani alikuja Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Utaona kwamba Jumamosi zilitutosha.

Aliyekuwa nami kila siku ni mavyaa wangu, mama yake Yohana, aliyetoka Rabai kuja kunisaidia kulea. Mwanamke wa kanisa, mnyoofu kama mchi, mwenye maneno machache. Alikuwa akinitazama nikila, akinitazama nikifua, nami kila nilipotazamwa nilihisi anaona hadi ndani ya tumbo. Nikajiambia nitamwachisha Kadzo haraka, kimya kimya, kabla tumbo halijasema. Mtoto akishakuwa mtoto wa uji, nani atahesabu? Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimekwisha kuzaa ndipo nikaanza kuficha.

Kwenda kwa Bi Salome sikuthubutu. Angeniuliza mbona mapema, na lile jicho lake lingejibu lenyewe. Nikavuka daraja la Nyali hadi sokoni ng'ambo, kwa muuza dawa za miti shamba, nikataka shubiri. Alikuwa nayo kavu, bonge jeusi linalong'aa kama lami. Akaniuliza, "Ya nani, mama?" Nikamwambia ni ya mtu mzima aliyefunga choo. Akanipimia ya mtu mzima, akanifungia kwenye karatasi, wala hakunikosea. Niliyemdanganya alinihudumia sawasawa na uongo wangu.

Kesho yake, mavyaa alipokwenda shambani kupalilia, niliitwanga ile shubiri, nikaichanganya na mafuta ya nazi ndani ya kifuu, nikajipaka. Nikajipaka ya kutosha, maana nilitaka mambo yaishe. Kisha nikamwita mwanangu.

Kadzo alikuja na furaha yake ya kila siku. Akaweka mkono mmoja kifuani mwangu kama alivyozoea, akanyonya, akaachia, akapiga ukelele. Nilitegemea hivyo. Ambalo sikulitegemea ni kwamba alirudi tena. Alikuwa na njaa, na mahali alipopajua pa kuitulizia njaa ni pamoja tu duniani. Akanyonya huku analia, akaachia akatema, akanitazama, akarudi tena. Kila akinitazama ni kama ananiomba niliondoe lile jambo baya, hakujua kwamba mwenye kuliweka ni mimi. Sikuweza kuvumilia, mwanangu. Nakuambia ukweli, moyo ulinishinda.

Wanawake wa kisimani walikuwa na dawa ya hilo pia. Walikuwa wakisema mtoto akishapakwa shubiri, mama aondoke machoni pake, mtoto asahau upesi. Na walikuwa na methali ya kuliungia mkono, kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mavyaa aliporudi nikamwambia nimeanza kumwachisha Kadzo, na kwamba shangazi yangu wa Magogoni hajiwezi, nakwenda kumwangalia. Hakuuliza nimempaka nini, nami sikusema. Nikajifunga leso yangu nikashika njia, na sauti ya mtoto ilinifuata mpaka kwenye minazi ya mwisho.

Shangazi alikuwa mzima wa afya, anachoma mihogo. Aliponiona tu akajua nimeachisha mtoto, akanikandia maziwa kwa maji ya moto, maana yalikuwa yamejaa yamekuwa mawe. Sikulala. Kila mtoto wa Magogoni aliyelia nilisimama. Shangazi akanicheka kidogo, akanipa mihogo, akaniambia ndivyo wanawake wanavyokomaa. Mimi nikaamini kwamba maumivu yangu ndiyo malipo, kwamba nikiumia vya kutosha huko niliko, basi haki ya mtoto imetimia. Tazama ujinga wa ujana. Maumivu yangu ya Magogoni yalimsaidia nini mtoto wa Mjambere?

Mchana wa siku iliyofuata alikuja jirani yetu mmoja, anatweta. "Mavyaa wako asema urudi. Mtoto yuwaharisha tangu jana, na hataki chochote, si uji, si maji."

Nilikimbia, viatu mkononi.

Nilimkuta Kadzo amelazwa juu ya mkeka, ndani, penye upepo wa dirisha. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na ule utosi laini wa kichwani umebonyea. Mavyaa alikuwa kando yake na kikombe cha uji kilichopoa, na Bi Salome amepiga magoti upande wa pili. Sikuwasalimu. Nikainama nikasema, "Kadzo wa mama."

Alinitazama. Alinijua, hilo sina shaka nalo. Kisha akageuza uso akatazama ukuta.

Nimezika mume, mwanangu, na nimezika ndugu zangu wote wa tumbo moja. Lakini mpaka leo, nikikaa peke yangu, kinachoniuma ni ule uso mdogo uliogeuka. Hakuwa na nguvu hata ya kulia, na nguvu kidogo aliyobaki nayo aliitumia kunikataa.

"Ulimpaka nini?" akauliza Bi Salome.

Nikakitoa kile kifuu nyuma ya mtungi. Alikinusa, akatia ncha ya ulimi, akatema nje ya dirisha. "Hii ni dawa ya watu wazima, wanaofungwa na tumbo. Na mwana mdogo huyu umempakia ya kujaza kifuu! Haya, ulipokwisha kumpaka, ukafanyani?"

"Nikaenda Magogoni."

"Kufanyani?"

"Waliniambia mama aondoke, mtoto apate kusahau."

"Hao walokuambia wako wapi saa hizi?"

Bi Salome hakupaza sauti. Ningependelea apaze. Alisema akimpepea mtoto kwa kipande cha mkeka, wala hakunitazama. "Sikiza, binti yangu. Mwana huyu hajui shubiri, wala hajui dawa. Ajualo ni kuwa mamake amegeuka mchungu, kisha hayuko. Umemtia uchungu kinywani, halafu ukamwondolea hata mtu wa kumlilia. Kilio chake alimwachia nani? Uchungu peke yake mwana hustahimili. Uchungu na upweke pamoja, hata mimi na mvi zangu siviwezi." Kisha akageuka. "Haya, nawa. Mpe ziwa."

Mavyaa akaruka. "La, Bi Salome! Mtoto akishaachishwa harudishwi. Akirudishwa ziwani atakuwa na kijicho maisha yake yote, adhuru kila akitazamacho."

"Heri awe na kijicho, mradi awe hai."

Mavyaa hakusogea. Alikuwa amekaa kati yangu na mtoto, na nikaona hofu yake ni ya kweli, ni ya bibi anayempenda mjukuu. Nami nilijua liko jambo la pili asilolijua, ambalo akilijua baadaye, na mtoto akafa, hatanisamehe, na akilijua sasa huenda asiniruhusu kumgusa. Nikamtazama Kadzo. Mbavu zake zilikuwa zinapanda na kushuka haraka haraka. Aibu niliyokuwa nimeibeba miezi miwili, nikiivukisha madaraja na kuipitisha vichochoroni, nikaiona ndogo, haitoshi hata kumfunika mtoto.

"Mama," nikamwambia mavyaa, "nina mimba. Ndiyo maana nilifanya haraka. Nilikuogopa wewe."

Nje, ndege wa Bi Salome walikuwa wanapigania maua yao. Mavyaa alinitazama usoni, akashuka na macho mpaka tumboni, akarudi usoni. Nilingoja lile neno, kwamba nimembemenda mtoto.

"Mulungu wangu," akasema. "Yohana na nduguye amfuatiaye wamepishana mwaka mmoja, hata haukutimia. Wadhani walishuka na mvua?"

Bi Salome akaguna, lakini lilikuwa guno la kicheko alichokikamata mlangoni mwa kinywa. Mavyaa hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mimi ndiye wa kuogopwa? Mimi niliyefichaficha tumbo mpaka kanga zikaisha? Kama ungesema, mwanangu, tungelibeba wawili." Akasogea kando, akanipisha.

Niliosha kifua kwa maji ya moto na sabuni mpaka ngozi ikawasha. Bi Salome akaninyang'anya leso. Ilikuwa na madoa ya manjano, na ile harufu. "Utamshikaje mwana na nguo inayonuka yaliyompata?" Akafungua ya kwake begani, akanifunga. Nikamchukua Kadzo mapajani. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Nikamwekea ziwa mdomoni, akafumba midomo.

"Usimlazimishe," akasema Bi Salome. "Onja wewe kwanza, akuone."

Nikajikamua tone kidoleni, nikalilamba mbele ya macho yake, nikatabasamu. Sijui lilikuwa tabasamu la namna gani, maana nilikuwa nalia pia. Nikakamua jingine, nikalipeleka midomoni mwake. Akageuza kichwa. Nikalilamba mimi. Nikakamua tena. Hivyo hivyo, bila haraka, jua likahama kutoka mlangoni likafika kwenye mtungi. Mavyaa alikuwa ameanza kuimba chini kwa chini, nyimbo zake za Rabai za kubembeleza watoto. Na mara moja, nilipokuwa nimeacha kutegemea, Kadzo akatoa ncha ya ulimi, akagusa kidole changu. Akangoja. Akanitazama kama mtu anayekagua noti bandia. Kisha akafungua mdomo.

Alinyonya kidogo, akalala, akaamka, akanyonya tena. Katikati tulimpa maji ya dafu kwa kijiko, kidogo kidogo. Asubuhi tulimpeleka zahanati, na dresa, msaidizi wa daktari, akamtazama, akatupatia dawa, akasema tuendelee vivyo hivyo, tusimwache akauke. Yohana alipokuja Jumamosi alikuta mtoto amekonda lakini anatambaa, na mama yake mzazi akamkaribisha kwa maneno machache kuhusu Jumamosi ambayo siyasemi hapa. Alikula chakula chake kimya kimya siku ile.

Jioni moja, mtoto alipokuwa amepata nafuu, nilimpelekea Bi Salome leso yake. Nilikuwa na swali lililonikaa rohoni. Nikamuuliza, je, si wahenga waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye?

"Ni kweli walisema," akanijibu. "Na mwana lazima aachishwe, sikukuambia umnyonyeshe mpaka aote ndevu. Lakini mbona mwaiongezea methali lisilokuwamo? Imesema usichelee kilio chake. Imesema umkimbie? Mwana na alie, ila alilie kifuani mwako." Akachomoa jani moja kavu kwenye mshubiri wake. "Kwani wadhani mimi hufuata chai?"

Nikaona haya, mwanangu, maana nilikuwa mmoja wa wasemaji. "Mimi huja nikaketi," akasema, "kwa kuwa najua saa itafika mama atataka kutoka mbio. Hapo hukamata leso yake. Basi."

Wiki zikapita. Tumbo likatokeza, dunia haikuanguka. Kule kisimani walisema walichosema, mpaka siku moja mavyaa akaenda kuchota maji mwenyewe, na tangu siku hiyo hawakusema tena. Kadzo akanenepa, akaachia ukuta, akatembea. Ndipo asubuhi moja Bi Salome akabisha hodi, mkono mmoja ana jani la mshubiri, mkono wa pili ana bua lake la maua.

Alilikata jani, akalisimamisha ndani ya bakuli mpaka yale maji yake ya manjano yakachuruzika yote. "Haya ndiyo yalomtesa," akasema, akayamwaga mbali. Akanipaka ule ute uliobaki, kidogo mno, wa kuonjwa tu. Kadzo akaja. Akaonja. Akakunja uso wote, kuanzia kidevu hadi nywele, akaniangalia. Miguu yangu ilitaka kusimama. Bi Salome akanikamata leso.

"Ni kichungu, mwanangu," nikamwambia Kadzo. "Pole. Ni kichungu, na mama yupo."

Alilia. Alilia sana, kilio cha mtoto mwenye afya, chenye hasira na madai. Alinipiga kifuani kwa kiganja. Nikamshika. Kisha Bi Salome akachuma kijiua kimoja chekundu, akakibinya kitako, akamwekea ulimini. Ndani ya ua la mshubiri mna tone la asali, ndilo wanalolifuata wale ndege. Kadzo akanyamaza ghafla, akamumunya, kamasi zimemjaa. Akanyoosha mkono kutaka jingine. Akafyonza maua yale mpaka bua likabaki tupu, kisha akalaza kichwa chake pale pale kwenye kifua kilichokuwa kichungu, akalala usingizi. Bi Salome akaniachia leso, akaitisha chai yake. Nilimtilia sukari yote iliyokuwamo nyumbani.

Kadzo hakumbuki lolote kati ya haya. Mtoto wa umri ule atakumbuka nini? Wala kijicho hakikumwota, mavyaa alimchunguza miaka mingi akakata tamaa. Lakini nikuambie jambo la mwisho, ndilo hasa lililonifanya nikuite.

Miaka mingi baadaye, mimi tayari nina wajukuu, Yohana alilazwa hospitali ng'ambo. Mchana mmoja nilikuwa jikoni napika wali, nikamwona Kadzo anakuja peke yake. Unajua desturi yetu. Mtu akifa, hutumwa mtu wa mbali, tena huambiwa aseme mgonjwa amezidiwa, njoo upesi, na wewe unakwenda njia nzima ukiomba Mungu kwa ajili ya maiti. Huogopa macho yako, hao wanaokupenda. Kadzo angeweza kumtuma mdogo wake. Hakutuma. Alivua viatu, akaepua chungu changu motoni, akaketi nami chini kwenye mkeka, akanishika mikono. "Mama," akasema, "baba ametuacha." Hakuzunguka, hakukwepesha macho. Nami nikalia, nikampiga kiganja kifuani kama mwendawazimu, na yule mwanangu niliyemkimbia akanilaza kichwa hapo hapo nilipopapiga. Hakwenda popote. Jua likahama kutoka mlangoni, na yeye yuko.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Maisha yatakutaka umpe umpendaye kitu kichungu. Utamwambia mchumba kwamba hutamwoa. Utamwambia mzazi kwamba shamba limeuzwa, au rafiki kwamba mwanawe ni mwizi. Usiongeze uchungu kwa sababu wewe una haraka ya kumaliza. Mwaga ya manjano kwanza, bakiza kile cha lazima tu. Usidanganye unapotafuta dawa, maana utapewa ya uongo wako. Usiibebe aibu peke yako, huenda unayemwogopa alikwisha kuibeba kabla yako. Na ukishampa mtu neno lako chungu, usimtumie kwa simu kisha ukaizima, usikimbilie Magogoni. Kaa. Akulilie wewe, akupige akitaka. Na kama una ua lenye tone la asali, mpe, lakini usimpe ua ili asijue kwamba jani ni chungu.

Bi Salome alinipa chipukizi la mshubiri wake kabla hajafa. Liko hapo nje kwenye mawe, karibu na mlango, na mwaka huu wa ukame limechanua tena. Ukitoka, usilitilie maji.

Nenda ukaseme lile neno lako, mwanangu. Mungu akupe mkono usiotetemeka unapotoa kichungu, akupe na kifua cha kumlaza uliyempa, na siku yako ya kuonja itakapofika, asikukoseshe mtu wa kukaa nawe.